Gari ya Mahari Inapovuja Oili: Tuliyojifunza Goba



Zamani ukimuuliza bibi harusi wa kwetu anataka mahari gani, jibu lilikuwa linajulikana: dhahabu, kitanda na vyombo vyake, msahafu, au fedha taslimu. Siku hizi orodha imekuwa ndefu. Wako wanaoomba cherehani, wako wanaoomba kiwanja, wako wanaoomba kupelekwa Umra, na wako wanaoomba gari. Hakuna ubaya. Mahari ni haki ya mke, na sharia haikulazimisha iwe dhahabu. Muhimu kiwe kitu halali chenye thamani, na wenyewe wawe wamekubaliana.

Tofauti ni kwamba dhahabu ukiiweka kabatini miaka 10 utaikuta vile vile. Gari inakula, inakunywa, inachakaa na inavuja. Bibi harusi anayeomba gari anapokea mali inayohitaji kuangaliwa kila wiki, na mara nyingi hakuna aliyemfundisha kuiangalia. Kungwi anatufundisha mengi, lakini boneti hatufunguliwi.

Leo tunazungumza juu ya kitu kidogo sana: kipande cha mpira kinachopitisha oili ya giaboksi. Na tunazungumza juu ya swali kubwa lililokuja nyuma yake: gari ya mahari ikiharibika, ni mzigo wa nani?

Matone mekundu

Mdogo wetu wa mwisho aliolewa akahamia Goba, Dar es Salaam. Mahari yake ilikuwa gari ndogo ya Kijapani ya mwaka 2005, ya otomatiki, iliyokwisha kutumika. Anayeijua Goba anajua kuwa ni nchi ya vilima. Barabara kubwa sasa zina lami, za kwendea Mbezi, Tangi Bovu na Makongo, lakini ukiiacha lami ukaingia mitaani, huko Kinzudi, Kulangwa au Matosa, unapanda na kushuka juu ya changarawe na mifereji iliyochimbwa na mvua za masika. Tumbo la gari linajua kila jiwe.

Tulivuka kwa boti sisi watatu, dada zake, kwa ajili ya harusi ya wifi yake. Nikah ilikuwa Ijumaa baada ya Alasiri, Tandika, Temeke, kwa mama mkwe wake. Kazi ya mdogo wetu ilikuwa kupeleka nguo za bibi harusi na masinia ya vyakula vilivyopikwa Goba, na kila mtu alishaihesabu gari yake.

Alkhamisi asubuhi, alipoirudisha gari nyuma ili tufagie, tuliona matone mekundu kwenye saruji, karibu na pale yanapokaa magurudumu ya mbele. Yalikuwa matone kama saba, moja bado bichi. Tukaligusa: linateleza, lina harufu ya mafuta.

Shemeji yetu ni mtu mwema, na alisema kwa wema: "Mashemeji, ongezeni oili tu, gari itafika. Harusi ikishapita tutaitazama." Mama mkwe kwa simu alikuwa na wasiwasi wa masinia yake, na hakuna wa kumlaumu. Akasema gari ni ya nyumba nzima, na siku kama hii ndiyo siku ya kuitumia.

Mdogo wetu alinyamaza. Tulipobaki jikoni peke yetu ndipo akasema: "Dada, hii ni mahari yangu. Ikifia njiani mimi ndiye niliyepoteza. Lakini nikisema hivyo nitaonekana nimekuja kugawana vitu." Alikuwa na miezi saba tu ndani ya ndoa. Maneno haya tumeyasikia kwa mabibi harusi wengi, kwa dhahabu, kwa vyombo, kwa fedha za shanga. Mali ni yake kwa sharia, lakini kuitetea kunamuonea haya.

Tukakubaliana kwanza tujue inavuja nini. Huwezi kuitetea mali usiyoijua ugonjwa wake.

Fundi wa kwanza na fundi wa pili

Gari hatukuiwasha. Tuliita fundi aje nyumbani, na jirani akatuletea mmoja wa karibu. Aliinama, akaona oili, akasimama. "Dada, giaboksi imekufa hii. Tafuteni nyengine, shilingi 1,200,000 na ufundi juu yake." Tukamuuliza ameona wapi panapovuja. Akasema kazi hii ameizoea. Tukamshukuru, tukampa nauli yake, akaenda.

Hapa ndipo dada wengi wanapokwama. Ukiambiwa neno zito na mtu anayejiamini, unaona aibu kuuliza tena. Sisi tulikuwa wanne, na wengi ni nguvu. Mama mmoja tunayeswali naye tarawehe akatuelekeza kwa mzee anayetengeneza magari Mbezi. Alifika baada ya Adhuhuri na begi lake na tochi.

Mzee yule alianza kwa kuuliza. Matone mlianza kuyaona lini? Gari inachelewa kushika mkiweka D? Inavuma bila ya kuondoka mkipanda mlima? Mnasikia harufu ya kuungua? Maswali yote alimuelekezea mdogo wetu, kwa kuwa yeye ndiye dereva wake. Majibu yalikuwa hapana, hapana na hapana. Akatabasamu. "Basi mama, tumeiwahi."

Halafu akatandika boksi lililokunjuliwa chini ya gari, akapangusa kila mahali kwa kitambaa, akawasha injini na kusubiri. Hakugusa spana kwa robo saa nzima. Baadaye akatuita mmoja mmoja tuone kwa tochi: karibu na sehemu ya chini ya rejeta, palipo na kipande cha mpira kilichovaa kwenye paipu ya chuma, palikuwa pakitoka jasho jekundu. Jasho likikusanyika linakuwa tone.

Paipu hizi zina kazi gani?

Tuliambiwa kwa lugha nyepesi, na tunakupeni hivyo hivyo.

Giaboksi ya otomatiki inafanya kazi kwa oili. Oili ndiyo inayosukuma, ndiyo inayolainisha, na ndiyo inayobeba moto. Ikichemka kupita kiasi inaharibika na kupoteza kazi yake. Kwa hiyo gari nyingi zina paipu mbili nyembamba: moja inaitoa oili ya moto kwenye giaboksi na kuipeleka mbele kwenye rejeta, ambako ndani yake kuna chumba kidogo cha kuipozea, na nyengine inairudisha ikiwa imepoa. Sehemu kubwa ya paipu ni chuma. Mwishoni huwekwa vipande vya mpira, kwa sababu injini inatikisika na chuma kitupu kingekatika.

Mpira huo ndio unaozeeka. Moto wa kila siku unaukausha mpaka unakuwa mgumu kama kuni, unapasuka vinyufa, na klipu inayoubana inalegea. Chuma nacho kina maadui wake: kutu, khasa kwa gari zinazokaa karibu na bahari kama zetu za Unguja na Pemba, na mawe yanayorushwa na barabara za changarawe.

Oili ikipungua, giaboksi inakosa nguvu ya kushika. Utaona gari inavuma lakini haiendi, au unaweka D na inakaa kwanza ndiyo iondoke. Ndani yake kuna sahani za kluchi zinazosuguana bila ya kinga, zinaungua, na hapo ndipo ile 1,200,000 inapokuwa kweli. Kutoka Goba hadi Tandika kuna foleni ndefu, na kabla ya foleni kuna vilima. Gari iliyojaa masinia, juani, oili ikidondoka kila dakika: kama mpira ungechanika njiani, oili ingemwagika kwa muda mfupi sana. Kuongeza oili na kuomba ifike ni kuiweka mali kwenye bahati nasibu.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kumfunga ngamia kisha ndiyo kutawakali. Tawakali hazianzi kabla ya kamba.

Matengenezo yenyewe

Mzee aliiacha gari ipoe kwanza, kwa kuwa oili hiyo inaunguza. Akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akainua mbele kwa jeki, na chini akaweka stendi za chuma. Alitukataza tusimuone mtu yeyote akiingia chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Alitupa kipimo cha mpira, na wawili wetu tukaenda dukani. Kijana wa duka alitupa mpira wa maji kwa nusu ya bei, akasema ni mamoja. Si mamoja. Oili inaulainisha na kuuvimbisha mpira wa maji, na baada ya muda mfupi unavuja tena au unachomoka. Tukataka mpira wa oili unaostahimili moto na presha, wenye kipenyo kile kile, pamoja na klipu mpya 4.

Kwa nini 4, wakati panapovuja ni pamoja? Kwa sababu mipira yote miwili ilizaliwa siku moja. Ukibadilisha mmoja, mwengine utakuita mwezi ujao. Alikata ya zamani, akasafisha ncha za paipu, akazipitishia kidole na tochi kutafuta kutu. Chuma kilikuwa kizima, alhamdulillah. Angekikuta kimeoza, kazi ingekuwa kubadilisha paipu yenyewe. Kuizungushia gundi au utepe ni kudanganyana. Akauingiza mpira mpya mpaka ukapita kile kijinundu kilichoko kwenye ncha ya paipu, na klipu akaiweka nyuma ya kijinundu. Ikikaa mwisho kabisa wa mpira, haishiki kitu.

Kabla ya kutia oili alifungua mfuniko wa rejeta, ikiwa imepoa, akatazama maji. Yalikuwa safi. Akatueleza kuwa kile chumba cha ndani ya rejeta kikipasuka, maji na oili huchanganyika na kuwa kama maziwa yaliyotiwa rangi ya waridi. Ukiona hivyo usiwashe gari hata kuitoa uani, kwa sababu maji ndani ya giaboksi ni sumu.

Oili nayo ina jina lake. Toyota nyingi za miaka ya 2000 zinatumia T-IV, za baadaye WS, na zenye giaboksi ya CVT zina oili yao peke yake. Tazama kitabu cha gari, au maandishi yaliyochongwa kwenye kijiti cha kupimia. Usikubali kuambiwa "nyekundu zote ni moja".

Kupima kwake si kama oili ya injini. Gari iwe mahali palipo sawa, imeshapata moto, injini inaunguruma. Kanyaga breki, pitisha gia zote taratibu kutoka P hadi mwisho na kurudi P. Ndipo uchomoe kijiti, ukifute, ukirudishe, ukichomoe tena. Oili isimame kati ya alama za HOT. Ikizidi ni vibaya pia, inatoa povu. Gari nyengine hazina kijiti kabisa. Hizo mpelekee fundi mwenye kujua.

Gharama yote: mipira na klipu shilingi 18,000, oili 50,000, ufundi 30,000. Jumla 98,000.

Abaya la mdogo wetu liliingia doa, akaingiwa na wasiwasi wa swala ya Alasiri. Mabibi harusi hutuuliza haya, basi tuseme: oili ya gari ni uchafu lakini si najisi, na nguo yenye doa lake unaswalia. Kilicho muhimu ni ngozi. Kukiwa na tabaka la grisi linalozuia maji kufika mwilini, lazima litoke kabla ya udhu. Sabuni ya unga na sukari kidogo vinatosha.

Masinia yalifika vipi?

Kazi ilikwisha karibu na Magharibi. Tukafikiri sasa safari ni ya gari yake. Mzee akakataa. Alitaka ipandishwe mlima mara mbili, irudi, ilale juu ya boksi safi, na asubuhi litazamwe. "Mama, harusi itapita kesho. Gari mtakuwa nayo miaka."

Asubuhi boksi lilikuwa kavu, ila alitaka oili ipimwe tena, naye alikuwa na kazi mpaka Adhuhuri. Mdogo wetu akaamua. Tukakodi gari ya abiria, tukapanga masinia, tukafika Tandika kabla ya Ijumaa kuswaliwa. Maneno yalikuwepo. Tuliwasikia wawili nyuma ya pazia: ana gari, na amekuja na ya kukodi. Alisikia naye. Akaendelea kumfunga wifi yake ushungi, na mikono yake haikutetemeka. Nikah ilifungwa kwa wakati, na pilau lilitosha.

Ni mzigo wa nani?

Baadaye tulimuuliza ustadh wetu, bila ya kumtajia nyumba ya nani. Alitukumbusha aya ya 4 ya Suratun Nisaa: mahari hupewa mke, na mume anahalalishiwa kile tu ambacho mke mwenyewe amekitoa kwa radhi ya nafsi yake. Kwa hiyo gari ya mahari ni milki ya mke, na matengenezo ya milki yake asili yake ni juu yake. Mume anadaiwa nafaka ya chakula, mavazi na makazi, na akisaidia gari ni wema unaoandikwa. Lakini akiwa naye anaitumia, kwa idhini ya mke, ni katika uadilifu ashiriki kuitunza. Kinachotakiwa ni kuzungumza mapema, kabla ya kitu kuharibika.

Bibi Khadija (R.A.) alikuwa mfanyabiashara mwenye mali yake na alijua hesabu zake. Alipoitoa kwa ajili ya dini aliitoa kwa moyo wake. Huwezi kutoa kwa radhi kitu ambacho watu wanakichukua kwa kuwa umeona haya kusema.

Na kwa akina baba, Bibi Aisha (R.A.) ameeleza kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akishona viatu vyake na nguo zake mwenyewe nyumbani. Kutengeneza kilichoharibika, kabla ya kukitupa, ni adabu ya nyumba yenye kheri.

Mdogo wetu alizungumza na mumewe Jumapili usiku. Waliyosemezana chumbani hatukuyasikia, na si haki yetu kuyajua. Tulichokiona ni kwamba Jumatatu shemeji alirudi kazini na dumu la oili ya akiba. Na alipotaka kwenda Mbezi, alisimama mlangoni akasema: "Naomba gari yako, nitairudisha kabla ya Magharibi." Mama mkwe bado hajapendezwa sana. Hayo yatachukua muda, Inshaallah yatakaa sawa.

Kwa bibi harusi anayetarajia gari

Kabla ya nikah, mpelekeni fundi wenu aitazame kwa chini, mipira ya oili ikiwemo. Hakikisheni kadi ya gari inaandikwa jina la bibi harusi.

Tandika boksi safi chini ya gari usiku mmoja kila mwezi. Nyekundu inayoteleza huenda ni oili ya giaboksi au ya usukani. Nyeusi mara nyingi ni ya injini. Nyekundu au kijani isiyoteleza sana ni maji ya rejeta. Maji matupu baada ya kutumia kipupwe ni kawaida.

Ukienda gereji, nenda na mwenzio, kwa stara na kwa usalama wako. Muulize fundi swali moja: "Nionyeshe panapovuja." Anayejua ataonyesha.

Andika kwenye daftari tarehe, kilichobadilishwa na bei, na omba kipande cha zamani ukione. Oili chafu isimwagwe mtaroni. Mvua ikija inaingia kwenye visima vya majirani.

Na ukiona tone, lizungumze siku hiyo hiyo, kwa upole, kwa jina lake. Mali uliyopewa kwa jina la Allah ni amana, na mwenye amana haoni haya kuiulizia.

Ya Rabbi, wape mabibi harusi wetu waume wenye insafu, mali yenye baraka, na ndimi laini za kusemea haki zao. Amin.